Redio ya Tata na Vita Vyetu vya Ndulele

Mwezi uliopita nilikaa siku nne kwa binti yangu huko Mwanza. Sebuleni kwake televisheni huwashwa asubuhi kabla ya chai na huzimwa watu wakienda kulala. Hakuna anayeitazama. Binti yangu anakunja nguo, msichana wa kazi anachambua mchele, na yenyewe inaongea tu pale ukutani. Mjukuu wangu, wa miaka mitatu, alikuwa sakafuni na vifuniko vya chupa za soda. Alivipanga mstari, akasema hilo ni basi. Kabla basi halijaondoka kitu kikalia kwenye televisheni, akainua kichwa. Aliporudisha macho chini basi alishalisahau, akaanza kujenga nyumba. Nyumba nayo haikufika paa.

"Mama, angalia," alisema.

Binti yangu, macho ukutani, akajibu, "Mm."

Nilitoka nje nikasimama barazani. Ile "mm" nilikuwa sijaisikia kwa miaka mingi, lakini niliitambua mara moja.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba sisi hatukuwa na televisheni. Huko kwetu Gorong'a, upande wa Tarime, hata redio zilihesabika. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye makazi yetu ya zamani, kila mmoja na boma lake na nafasi yake, tukapangwa kwenye mistari ya kijiji cha ujamaa, nyumba zikatazamana. Nyumba yetu ilikuwa ya nne kutoka ofisi ya kijiji. Tulikuwa watatu, watoto wa mama mmoja: kaka yetu mkubwa Chacha, aliyekwisha kuota ndevu, mimi Bhoke, niliyekuwa na miaka tisa au kumi, na kitinda mimba wetu Marwa, aliyekuwa bado kung'oka jino la kwanza. Kati yangu na Chacha Mama alizaa wawili ambao hawakuishi.

Mchezo wetu mimi na Marwa ulikuwa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa ndulele, yale matunda ya mviringo ya manjano yanayoota kando ya njia kwenye vichaka vyenye miiba. Tuliyachoma vijiti vinne vya miguu na viwili vya pembe, tukawajengea zizi la mawe nyuma ya jikoni. Mama alituonya kila siku tusiyatie mdomoni kwa sababu yana sumu. Tulikuwa na zaidi ya arobaini. Wote walikuwa na majina. Fahali wa Marwa, tunda kubwa lenye madoa ya kijani, aliitwa Kaniki, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa isipokuwa Marwa mwenyewe.

Mchezo ule haukuwa na mwisho. Tulipouacha jioni, asubuhi tuliukuta palepale tukaendelea. Na Tata (ndivyo sisi Wakurya tunavyomwita baba) alikuwa ndani yake. Akirudi kulima alikuwa anasimama kwenye zizi letu na jembe begani, anauliza kama mtu anayeuliza habari za kweli: "Huyu mwekundu amepona mguu? Kaniki mmemnywesha leo?" Siku nyingine alichuchumaa na kuanza kuposa, kana kwamba mimi nina binti wa kuoza. Alitaka kutoa ng'ombe wanane, mimi nasema kumi na wawili, tunabishana mpaka Mama anaita mara tatu kwamba ugali unapoa. Nadhani kama kuna kitu nilichojifunza juu ya maneno, juu ya kumsikiliza mtu na kumjibu, nilijifunza pale chini, nikibishana na baba yangu juu ya matunda yenye vijiti.

Halafu vita vya Uganda vikaanza, na vijana wa mgambo wakaitwa. Chacha aliondoka na lori pamoja na wenzake. Alikuwa amevaa viatu vya mtu mwingine. Mama alikaa chini barabarani vumbi likamfunika, hakutaka kunyanyuka. Wiki hiyohiyo Tata alivuka mpaka kwenda Kenya kwa shemeji yake, na siku ya tatu akarudi na redio, kubwa ya mbao, imefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga.

"Ya nini hiyo?" Mama aliuliza.

"Nataka nimsikie mwanangu."

Mimi nilimwelewa neno kwa neno. Niliamini kwamba siku moja Chacha ataongea humo ndani, atatuamkia, atasema yuko wapi. Kwa hiyo mwanzoni nilikaa karibu. Lakini aliyeongea alikuwa mtu mwingine, mwenye sauti nzito isiyokohoa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbali, sicho kile cha mwalimu wetu. Nyumbani tulisema Kikurya. Nilishika maneno machache tu: majeshi, mizinga, kuteketeza, kusonga mbele. Nikachoka, nikarudi kwenye ng'ombe wangu.

Redio haikuzimwa. Tata aliiweka kwenye kigoda chini ya paa la nyumba, hatua ishirini kutoka tulipocheza, akakaa kando yake, kiganja shavuni. Habari ya Dar es Salaam ikiisha alizungusha kitufe akatafuta ya Kenya, alinganishe. Betri zikichoka alizianika juu ya bati la jiko zipate jua, akazigeuza kama mihogo. Kati ya habari na habari kulikuwa na mahubiri, muziki wa dansi, bei za mazao, hotuba. Vyote vilipita. Hatukuwa tunasikiliza sisi, lakini masikio yalisikiliza bila kutuomba ruhusa. Nilikuwa katikati ya kumnywesha ng'ombe, ngoma ya taarifa ya habari ikalia, mkono ukasimama. Nilipotaka kuendelea nilikuwa nimesahau ni ng'ombe gani. Marwa alianza zizi jipya kila siku na hakulimaliza hata moja. Tulianza kugombana juu ya vitu ambavyo zamani tulivizungumza.

"Tata, Kaniki ameumwa na nyoka," Marwa alikwenda kumwambia.

"Mm."

"Tata, amekufa."

"Mm. Nendeni mkacheze, nasikiliza."

Ndipo lilipokuja lile neno. Redio ilisema kila siku juu ya nduli. Nduli amevamia, nduli amechinja watu, nduli atafurushwa. Sikujua nduli ni muuaji. Sikuwahi kulisikia neno hilo maishani. Lakini ndulele nililijua. Nikafikiri siku mbili, na siku ya tatu nikamwita Marwa pamoja na Gati, binti wa rika langu wa jirani yetu, nikawaambia nimegundua jambo. Nduli ndiye baba wa ndulele. Ndiyo maana zina sumu. Ndiyo maana zina miiba. Tumekuwa tukifuga watoto wa adui nyuma ya jiko la Mama, na kaka yetu yuko huko anapigana na baba yao.

Gati aliamini palepale. Marwa alikumbatia Kaniki kifuani akasema huyu hapana.

Tuliwaua wote. Nasema kuua kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Tuliwaweka mmoja mmoja juu ya jiwe la kusagia tukawaponda kwa jiwe jingine, na mimi nilisema kwa ile sauti nzito ya redio, "Teketeza!" Maji yao yaliruka yakatuingia machoni, mbegu zikatuganda mikononi. Mwishoni nilimbana Marwa chini kwa goti, nikamfungua vidole nikamtoa Kaniki. Alinipigia kelele mpaka sauti ikakauka. Nilimponda mbele yake. Tata alikuwa palepale, hatua ishirini, amegeuza mgongo. Alisema bila kugeuka, "Punguzeni kelele."

Toka siku ile hatukucheza kitu kingine ila vita. Mimi nilikuwa kamanda. Tulimkamata kuku wa Mama, jike la kijivu, tukasema ni mpelelezi, tukamfunga mguu kwenye mti, tukampiga mawe mpaka akaacha kurusha mabawa. Mama alinichapa siku hiyo kwa fimbo ya mti wa mfori, akanichapa mpaka fimbo ikakatika, kisha akamgeukia Tata. Bado nasikia alivyosema, akihema:

"Ongea na watoto wako! Wanageuka wanyama, na wewe umekaa hapo!"

"Mm," alisema Tata. "Subiri kidogo. Wanataja mji."

Wiki iliyofuata nilimpiga Gati mdomoni kwa rungu la bua akatoka damu, jino likalegea. Hakwenda kusema kwao. Kesho yake alirudi akaomba naye awe kamanda.

Siku ya moto ilikuwa mchana, jua kali, na upepo ule unaokuja kabla ya mvua. Mama alikuwa ameshuka kijitoni kuchota maji. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kihenge cha zamani, ghala lile la kusukwa kwa fito, tupu, kofia yake ya nyasi imeoza upande mmoja. Tulimwambia Marwa yeye ndiye nduli na pale ndipo kambini kwake. Hakutaka. Nilimwambia asipokubali hachezi tena nasi maisha yake yote. Akapanda, akaingia kwa juu, akatua ndani. Kwenye nafasi za fito niliona jicho lake moja.

"Toka ujisalimishe!" nilisema.

"Nashindwa kutoka," alisema Marwa. "Ni juu."

"Basi tutakufurusha!"

Nilikwenda jikoni nikachukua bua la mtama linalowaka. Nilitaka moshi tu. Sikutaka zaidi ya moshi, namwambia Mungu hivyo mpaka leo. Niliuinua ule moto nikaugusisha kwenye nyasi, na upepo ukafanya mengine. Kofia nzima iliwaka kwa sauti, kama mtu anayepasua kitambaa. Marwa aliita jina langu. Aliita mara moja, halafu akaanza kulia kilio ambacho sikukijua, na Gati naye akaanza kupiga kelele.

Nikakimbia kwa Tata.

Alikuwa ameinama, sikio karibu na mbao. Ngoma ilikuwa imekwisha kulia, msomaji ameanza. Nilisema, "Tata, moto." Hakugeuka. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja wazi mbele ya uso wangu, kama alivyokuwa akifanya kila siku. Maana yake: ngoja, wakimaliza.

Na mimi nikangoja.

Hilo ndilo jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Si kwamba sikumwita. Nilimwita, mara moja. Kisha nikasimama mbele ya kile kiganja, nimefunga mikono nyuma kama shuleni, nikasubiri yule mtu amalize sentensi yake, na nyuma ya nyumba ndugu yangu anaungua. Sijui ilikuwa muda gani. Niliona mistari ya mkono wa baba yangu, na udongo mweusi uliokaa ndani yake.

Sauti ya Mama ndiyo iliyokata. Alikuwa amerudi kutoka kijitoni, debe kichwani.

"Wambura!" alipiga kelele. "Wambura, mwanao!"

Sikuwahi kumsikia Mama akimwita Tata kwa jina lake. Wanawake wa kwetu hawakufanya hivyo. Tata aliruka, kigoda kikaanguka. Tulipofika nyuma Mama alikwisha kumwaga debe zima juu ya kihenge na alikuwa anazipasua zile fito kwa mikono mitupu, moto ukiwa bado juu yake. Tata alikiparamia kwa bega. Kilipasuka, wakaanguka ndani wote wawili, na Tata akatoka kwa magoti amemshika Marwa kwapani. Shati la Marwa lilikuwa limeingia mgongoni. Sisemi zaidi. Alikuwa ameacha kulia, akawa anasema tu polepole, "Najisalimisha. Najisalimisha." Hakuwa anacheza. Alidhani hilo ndilo neno linalozima moto.

Wanaume wanne walimbeba kwa kitanda cha kamba, amelala kifudifudi, mpaka hospitali ya misheni. Mama alikwenda nyuma yao, mikono ameinyoosha mbele kama ya mtu mwingine. Nilibaki na mama yake Gati. Hakunikaripia. Alinipa uji, nikaukataa. Redio iliendelea kupiga muziki wa dansi mpaka betri zikafa zenyewe.

Tata alirudi peke yake siku ya pili. Nilikuwa nimemkatia fimbo. Niliichagua mimi mwenyewe, fimbo nzuri, nikaiweka mlangoni nikakaa kando yake. Niliona kuchapwa ndiyo njia ya kumaliza.

"Shikamoo Tata."

"Marahaba."

Aliiona fimbo akaipita. Alikaa chini kwenye udongo, hakutafuta kigoda.

"Anaishi," alisema. "Mama yako naye vidole vitapona, wanasema." Kisha akaniuliza, "Bhoke. Ulikuja kuniambia?"

"Nilikuja, Tata."

"Ukasema nini?"

"Nilisema moto."

"Nami nikafanya nini?"

Niliogopa. Nilidhani ananitega. "Ulinyoosha mkono," nilisema.

Aliutazama mkono wake wa kushoto. Aliugeuza juu, akaugeuza chini. Kisha baba yangu, ambaye hakulia lori lilipomchukua Chacha, alilia mbele yangu kwa sauti, mchana, majirani wakisikia. Nilitaka kumshika, lakini sikujua unamshikaje baba. Nilichukua ile fimbo nikaivunja, nikaivunja tena, mpaka ikawa vipande vidogo visivyovunjika zaidi.

Hakuivunja redio. Watu wengi nikiwasimulia hutarajia hivyo. Aliipandisha darini, akaifunika gunia, basi. Marwa alirudi baada ya majuma mengi, akalazwa kwa tumbo kwenye ngozi karibu na mlango ili apate mwanga. Hakuweza kukaa. Mama mikono yake ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Tata ndiye aliyemlisha. Aliacha shamba kwa majirani asubuhi zote, akakaa sakafuni uso kwa uso na Marwa. Wiki ya kwanza Marwa hakumsemesha. Tata aliongea mwenyewe: alimsimulia habari za mbuzi aliyekula barua ya katibu wa kijiji, alimwimbia, alimfinyangia watu wa udongo wenye vichwa vikubwa. Nakumbuka Marwa alipouliza swali la kwanza. "Huyu mbona hana masikio?" Tata alisema, "Nilisahau. Mwekee wewe." Na Marwa akanyoosha mkono akamwekea.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba siku waliyotangaza Kampala imechukuliwa, kijiji kizima kikatoka nje kupiga vigelegele na madebe, nyumba moja tu haikujua. Baba yangu alikuwa sakafuni akibishana juu ya pua ya mtu wa udongo. Jirani aliingia anatweta.

"Hujasikia? Wewe hujasikia?"

"Sijasikia," alisema Tata. "Wamemtaja Chacha?"

"Hapana. Hawataji watu."

"Basi," alisema Tata, akarudi kwenye pua.

Chacha alikuja mwenyewe. Hakuna aliyetuambia. Mvua kubwa zilikuwa zimepita na mahindi yamekomaa. Alitembea kutoka barabara kuu na mfuko wa turubai, nyama za mashavu zimekwisha. Mama alimsafisha miguu kama mtoto, akilia na kucheka, kwa vidole vyake vilivyokuwa vimepinda. Majirani walijaa, wakaondoka. Chacha alijibu kila kitu kwa upole, lakini hakumtazama mtu machoni, na mlango ulipogongwa na upepo alikuwa amekwisha kusimama.

Alasiri alikaa nje kwenye benchi. Marwa alitoka bila shati. Mgongo wake ulikuwa umepona kwa namna ya migongo ile, unang'aa, umejikunja kama maziwa yaliyochemka yakapoa. Chacha alimwita akamgeuza.

"Nani amekufanya hivi?"

"Tulikuwa tunacheza vita," alisema Marwa.

"Vita gani?"

"Vyako."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, nimebeba beseni.

"Nani alishinda?" Chacha aliuliza.

Marwa alifikiri vizuri, kwa sababu ni mtoto aliyependa kusema kweli. "Bhoke," alisema, akaninyooshea kidole, kisha akakimbia kwa Gati.

Chacha aligeuka akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama mtu. Nilisubiri anipige, na ningeshukuru. Badala yake aliongea kwa sauti ndogo, Mama asisikie ndani.

"Na wewe huwa unalala?"

Nilitikisa kichwa. Hapana.

Akasogea pembeni ya benchi, akanipisha nikae.